Tovuti ndogo yavitosha vikundi vyetu

Ndugu Mhariri,

Vikundi vya wafugaji nyuki wa Biharamulo na wakulima wa kahawa wa Ngara vinahitaji tovuti zao, hata za kurasa tatu: sisi ni nani, tunauza nini, tunapatikana wapi. Radio Kwizera, iliyoanza Ngara mwaka 1995, husikika mbali, lakini tangazo likishasomwa limepita. Ukurasa hubaki, na mnunuzi wa Mwanza ataufungua saa aitakayo.

Wapo watakaosema kundi la WhatsApp linatosha. Linawatosha wanachama, lakini mgeni asiyejulikana haingii, na bei iliyotangazwa jana huzama chini ya salamu za leo. Kuhusu gharama, kurasa za maandishi na picha chache zilizopunguzwa ukubwa huhifadhiwa bure kwenye huduma kama GitHub Pages, na hufunguka hata mtandao ukisuasua. Kikundi kikitaka jina lake chenyewe, mathalani linaloishia na or.tz, kitalipia ada ya kila mwaka. Hatari ya kweli ni tovuti kutelekezwa. Kwa hiyo jina lisajiliwe kwa kikundi, si kwa fundi. Nywila watunze viongozi wawili. Na ada ipitishwe kwenye mkutano mkuu kama matumizi mengine.

Msomaji wako,
Ngara, Kagera