Vitamini Nazo Zitajwe Mbele ya Daktari

Mimi si daktari wala mfamasia. Kazi yangu ni kufundisha isimu katika chuo kikuu, na aghalabu mwanaisimu anaposhika kalamu wasomaji hutarajia mjadala wa sarufi au wa istilahi. Leo nitazungumzia afya, ingawa sitaenda mbali na maneno, kwa maana hatari ninayotaka kuieleza huanzia katika neno moja: dawa.

Katika Kiswahili neno hili lina upana mkubwa. Tuna dawa ya malaria, dawa ya meno na dawa ya mbu, na wahenga walituambia kwamba dawa ya moto ni moto. Hata hivyo, muuguzi anapomwuliza mgonjwa, "Unatumia dawa gani nyingine?" upana huo hutoweka ghafla. Mgonjwa hufikiria tu kile alichoandikiwa hospitalini kwa ajili ya ugonjwa. Tembe za kuongeza damu hazitaji. Ya kutuliza kiungulia haitaji. Vitamini alizojinunulia dukani huzihesabu kuwa sehemu ya chakula. "Hizo ni vitamini tu," husema. Kwa watu wengi kauli hiyo haina madhara, lakini kwa mtu anayemeza dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, mambo ni tofauti.

Mwaka wa 2017 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza barani Afrika kuanza kutumia dolutegraviri ya bei nafuu. Leo dawa hiyo, pamoja na tenofoviri na lamivudini, imo katika tembe moja inayomezwa kila siku na wagonjwa wengi nchini. Ni dawa yenye nguvu. Hufanya kazi kwa kushikamana na chembe za madini ya magnesiamu ambazo kirusi huzihitaji ili kujipachika katika seli za mwili. Tabia hiyo ya kushika madini ndiyo inayoifaa, na ndiyo inayoiponza. Ikikutana tumboni na chuma, kalsiamu, zinki, magnesiamu au aluminiamu, huyashika madini hayo humo humo, na sehemu ya dawa hutoka mwilini bila kuingia katika damu. Mgonjwa amemeza tembe yake kwa uaminifu, lakini mwili haukuipata yote. Jambo hilo likirudiwa siku baada ya siku, virusi hupata mwanya wa kuzaana, na hata kujenga usugu.

Ieleweke kwamba si vitamini zenyewe zenye kosa hili. Vitamini B au C pekee haziishiki dawa hiyo. Taabu ni kwamba tembe nyingi zinazouzwa kwa jina la vitamini zina madini ndani yake, na dawa nyingi za kiungulia zimetengenezwa kwa magnesiamu na aluminiamu. Jina lililo juu ya chupa halitoshi. Sharti msomaji asome maandishi madogo yaliyo nyuma.

Suluhisho si gumu. Kwa anayetumia dolutegraviri, dawa ya kiungulia yenye madini hayo imezwe saa mbili baada ya tembe ya virusi. Ikiwa ya kiungulia ndiyo iliyotangulia, basi zipite saa sita kabla ya kumeza ile ya virusi. Tembe za chuma, za kalsiamu na za vitamini zenye madini hufuata kanuni hiyo hiyo, ila hizi zina nafuu moja: zinaweza kumezwa pamoja na dolutegraviri iwapo zote zinamezwa wakati wa chakula. Wanaotumia dawa za aina nyingine wana masharti yao, na yafaa waulize. Kwa vyovyote vile, asiwepo wa kuacha dawa za virusi kwa sababu ya makala haya.

Jambo hili huwagusa hasa kina mama wajawazito, ambao kliniki zetu huwapa tembe za chuma na asidi ya foliki. Mama anayeishi na virusi anahitaji chuma kwa ajili ya damu yake, na anahitaji dolutegraviri kwa ajili yake na mtoto. Hapaswi kuchagua kati ya hivyo viwili. Anachohitaji ni mtu wa kumweleza, kwa lugha anayoielewa, avimeze na chakula au aviachanishe kwa saa.

Wapo wanaodhani kwamba vitamini zikizidi, afya nayo huzidi. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka wa 2004 ulionyesha kwamba vitamini za aina kadhaa zilipunguza kasi ya ugonjwa kwa wanawake ambao wakati huo hawakuwa wakipata dawa za virusi. Lakini utafiti mwingine wa Tanzania, uliochapishwa mwaka wa 2012 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 3,400 walioanza dawa hizo, ulionyesha kwamba vitamini za kiwango cha juu hazikuwaongezea faida kuliko za kiwango cha kawaida. Badala yake ziliambatana na dalili za kuathirika kwa ini, na jaribio likasitishwa kabla ya wakati wake.

Nawageukia walimu. Katika shule za bweni wamo wanafunzi wanaomeza dawa hizi kimya kimya, na mwanafunzi mwenye kiungulia hupewa tembe bila maswali. Mwalimu hana haki ya kumlazimisha yeyote aseme hali yake. Sheria ya mwaka wa 2006 kuhusu Ukimwi inailinda siri hiyo. Anachoweza kufanya ni kulifundisha jambo hili kwa darasa zima, ili anayelihitaji alisikie bila kunyoshewa kidole.

Nao wauguzi wabadilishe swali. Badala ya "Unatumia dawa gani?" waulize, "Ni vitu gani unavyomeza, vya hospitali, vya dukani na vya mitishamba?" Swali hilo halimwachii mgonjwa kazi ya kuamua ni kipi dawa na kipi si dawa. Mgonjwa naye asingoje kuulizwa. Abebe chupa zake zote hadi kliniki, aziweke mezani.