Kamera haziondoi woga

Uliza Wakenya "mulika mwizi" ni nini, utapata majibu mawili. Mmoja atakuonyesha simu ndogo yenye tochi, kama ile Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003. Mwingine atakuonyesha zile taa za mlingoti mrefu katika mitaa kama Kibera. Vyote viwili ni mwanga, maana hicho ndicho mtu hutafuta kwanza akiogopa usiku.

Serikali nayo ilitafuta kamera. Baada ya shambulizi la Westgate la 2013, Safaricom ilipewa mwaka 2014 kandarasi ya takriban shilingi bilioni 15 kuwawekea polisi mitambo ya mawasiliano na kamera 1,800 Nairobi na Mombasa. Sizipingi kamera. Lakini sisi waandishi wa programu tunajua logi ya seva: inakueleza kilichoharibika baada ya kuharibika. Kamera ni hivyo hivyo.

Woga hauna nambari ya OB. Msichana anayeacha masomo ya jioni kwa sababu ya kichochoro kimoja hayumo katika takwimu za uhalifu. Anayelipa boda boda kwa mwendo wa dakika kumi hayumo pia. Tena kuna kichekesho: njia ikiogopwa hadi isipitwe na mtu, hakuna wa kuibiwa, na kwenye takwimu itaonekana salama kabisa! Halafu tunahubiri jiji la kijani ambamo watu watatembea kwa miguu. Watatembea wapi?

Mjini Delhi, India, walianza kupima woga wenyewe. Mwaka 2013, baada ya mkasa wa Desemba 2012 wa msichana aliyebakwa ndani ya basi na kufariki, ilitolewa programu ya simu iitwayo Safetipin. Mtumiaji anaipa njia alama: kuna mwanga? Kuna watu? Kuna usafiri karibu? Na je, unajisikiaje ukiwa hapa?

Hapa kwetu hatuhitaji simu ghali. USSD yatosha: namba fupi, maswali matano, hata kwenye mulika mwizi. Usihifadhi namba ya anayejibu, hifadhi jina la njia tu. Kaunti itajua taa ipi imekufa, na ni wapi kibanda cha chipsi kikiruhusiwa kufungua hadi usiku kitaleta watu na macho.

Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya kununua kamera nyingine.

Haya, mtaani kwenu ni njia gani hupiti baada ya saa moja jioni, na kwa nini?