Kwa nini hesabu za magogo za nchi mbili hazilingani?

Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea pori, lilitoa ripoti kuhusu uvunaji wa magogo kusini mwa Tanzania. Ripoti ilionyesha kwamba mwaka 2005 China iliandika kupokea mazao ya misitu kutoka Tanzania mara kumi ya kiasi ambacho Tanzania iliandika kupeleka China.

Tofauti hiyo inatoka wapi?

Kila shehena ya mninga, mkongo au mpingo huandikwa mara mbili: forodha ya nchi inayouza, na forodha ya nchi inayonunua. Wanaolinganisha biashara ya nchi huweka madaftari hayo mawili pamoja, mwaka kwa mwaka.

Tofauti ndogo ni ya kawaida. Muuzaji huandika bei ya mzigo bandarini kwake, ilhali mnunuzi mara nyingi huongeza nauli ya meli na bima. Mzigo ulioondoka Desemba huweza kuhesabiwa mwaka unaofuata kule ulikofika. Na magogo ya Congo au Zambia yanayopita Dar es Salaam huweza kuandikwa kimakosa kuwa ya Tanzania.

Lakini nauli na bima haziwezi kuzidisha mzigo mara kumi. Pengo kubwa namna hiyo ni dalili ya mzigo ulioandikwa pungufu, au ambao haukuandikwa kabisa.

Msumbiji ilikuwa na hali kama hiyo. Kwa mujibu wa uchunguzi wa shirika la EIA, mwaka 2012 China iliandika kupokea takriban mita za ujazo 450,000 za magogo na mbao kutoka huko. Msumbiji yenyewe iliandika kuuza takriban 260,000, tena kwa nchi zote duniani.

Ndiyo maana fedha peke yake hazitoshi kulinganisha. Tazama na ujazo, kwa sababu bei hupanda na kushuka. Tazama pia aina ya bidhaa. Gabon ilizuia kuuza magogo nje mwaka 2010, na Msumbiji ikafuata mwaka 2017. Nchi ikizuia magogo, anayesoma safu ya magogo tu atadhani biashara imekufa, kumbe huenda imehamia kwenye mbao zilizopasuliwa.

Hasara hii inafika kijijini. TRAFFIC ilikadiria kwamba Tanzania ilikuwa ikipoteza hadi dola milioni 58 kwa mwaka kwa kutokusanya ipasavyo mrabaha wa mazao ya misitu ya asili. Hizo ni fedha za halmashauri na serikali kuu, ambazo zingejenga zahanati na madarasa.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kupata mapato yake. Basi kijiji nacho kiwe na daftari: aina ya mti, idadi ya magogo, ujazo, tarehe, namba ya leseni na namba ya gari. Mapato na matumizi yanaposomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ulizeni magogo mangapi yalitoka na kijiji kililipwa kiasi gani. Pengo likianzia msituni, forodha haiwezi kuliziba.