Abigaili Alinyamaza Hadi Asubuhi



Mwezi huu tutazame tunda la Roho linalotajwa mwisho katika Wagalatia 5:22-23, nalo ni kiasi. Tukilisikia neno hili, upesi tunafikiria chakula, pombe au mavazi. Lakini yuko mama ambaye hajaonja pombe maisha yake yote, na bado hasira humlewesha mbele ya watoto wake. Ndiyo maana Mithali 4:23 yatuagiza kuulinda moyo kuliko vitu vyote, maana humo ndimo zinamotoka chemchemi za uzima. Chemchemi ikichafuka, nyumba nzima hunywa maji machafu.

Wengine hudhani kwamba mwanamke mwenye kiasi ni yule anayenyamaza siku zote. Tufungue 1 Samweli 25, tujifunze kwa Abigaili.

Mumewe, Nabali, alikuwa tajiri mwenye kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, lakini mkali na mwenye matendo mabaya. Wakati wa kukata manyoya ya kondoo, Daudi aliwatuma vijana wake kuomba chakula kwa heshima, kwa sababu watu wake walikuwa wamewalinda wachungaji wa Nabali. Nabali akawatukana. Daudi naye, ambaye alikuwa amejizuia asimdhuru Sauli, safari hii alishindwa na tusi moja. Akajifunga upanga, akaondoka na watu 400 kwenda kuua.

Mtumishi mmoja alimkimbilia Abigaili kumpa habari. Mama huyu hakupoteza muda kulia wala kulaumu. Alitwaa mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliokwisha kuandaliwa, bisi, zabibu kavu na mikate ya tini, akapanda punda wake. Alipokutana na Daudi alishuka, akainama, akasema naye kwa upole na kwa ukweli. Alimwonyesha kwamba damu hiyo ingekuja kuusumbua moyo wake siku ambayo Mungu angemfanya mtawala. Daudi akamshukuru Mungu kwa ajili yake, akarudi.

Sasa angalieni, wapenzi. Abigaili aliporudi nyumbani alimkuta mumewe katika karamu, amelewa sana. Fikirini maneno aliyokuwa nayo moyoni! Alikuwa ametoka kuokoa maisha ya nyumba nzima, na aliyeleta hatari anacheka na wageni. Lakini hakumwambia neno lolote, kubwa wala dogo, mpaka kulipopambazuka. Asubuhi, divai ilipokwisha kumtoka, alimweleza yote.

Hapa tunaona kwamba kiasi kilimfanya aseme kwa Daudi, kikamfanya anyamaze usiku, kisha kikamfanya aseme tena asubuhi. Kiasi ni kuutawala moyo hata tuchague wakati, mahali na neno. Kununa wiki nzima, kubamiza sufuria na kumtuma mtoto amwambie baba yake kwamba chakula kiko mezani si kiasi. Hiyo ni hasira iliyobadili nguo tu.

Basi tufanyeje? Baba akirudi usiku amelewa, au mshahara ukiwa umepotelea njiani, tusianze kesi usiku ule. Tungoje asubuhi, watoto wakiwa wameondoka, tuseme jambo hilo moja bila kufukua ya miaka iliyopita. Lakini asubuhi ikifika, tuseme kweli. Neno lisilosemwa kamwe huoza moyoni likawa uchungu.

Tena ulinzi wa moyo huanza kabla ya ugomvi. Tunayoyasikiliza saluni, kibarazani na katika simu zetu kuhusu waume, mawifi na majirani ndiyo yanayotoka kinywani tunapokasirika. Mithali 25:28 yamfananisha mtu asiyeitawala roho yake na mji uliobomolewa usio na kuta. Ukuta haujengwi siku adui anapofika. Unajengwa kila siku kwa maombi, kwa Neno, na kwa kukataa kupokea kila umbea unaobisha hodi.

Jambo moja tusilisahau. Abigaili hakuificha hatari kwa jina la utii. Alichukua hatua upesi ili watu wasife. Kwa hiyo mama anayepigwa, au ambaye watoto wake wamo hatarini, asiambiwe kwamba kiasi ni kuvumilia kimya. Aende mahali penye usalama, awaambie wazee anaowaamini, mchungaji au vyombo vya sheria. Huko nako ni kuulinda uhai ambao Mungu ameutoa.

Jioni ya leo, kabla hatujalala, kila mmoja wetu ajiulize: Ni neno gani ninalolishika moyoni? Je, ni la kusamehe na kuliacha, au ni la kusema asubuhi? Tumwombe Bwana atupe hekima ya kutofautisha.

Bwana azilinde nyumba zetu. Amina.