Mwaka Mmoja Si Msiba



Juma hili tunaomba radhi kwa kuiacha kidogo njia tuliyoizoea. Tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kila mwaka, theluji inapoanza kuyeyuka, wazazi hutuletea mara baada ya Misa ya Kiswahili. Mtoto yuko mwaka wa tatu chuoni, naye anataka kusomea udaktari. Masomo ya sayansi hayajakamilika, au alama zake hazijatengemaa. Je, ajaze kiangazi chote kwa madarasa ili aombe nafasi mwaka huu huu, au aahirishe maombi kwa mwaka mmoja? Na kabla hatujafungua kinywa, mzazi huwa amekwisha kujijibu: "Baba, mwambie asichelewe. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Sisi tunasema wazi, na atakayechukia na achukie: katika jumuiya zetu za waliohamia Marekani, methali hiyo imegeuzwa kuwa fimbo ya kuwachapia watoto.

Tuchukue mfano wa binti mmoja ambaye hatutamtaja. Wazazi wake walitoka Kongo, wakaishi kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, kisha wakaletwa huku. Kwa sababu ya safari hizo binti alianza chuo akiwa amechelewa kuliko wenzake. Usiku anafanya kazi ya msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee, na sehemu ya mshahara inalipa kodi ya nyumba ya wazazi. Muhula uliopita kemia ogania ilimshinda kwa kiasi, alipata C. Familia ilikaa kikao, ikapanga: kiangazi hiki arudie kemia, asome na fizikia, afanye mtihani wa MCAT mwezi Juni, na mwezi huo huo atume maombi. Kazi ya usiku iendelee. Waliupanga mpango huo kwa upendo, hatuna shaka. Hata hivyo tunasema mpango huo ni mbaya.

Kwa nini tunasema hivyo?

Kwanza, tuangalie madarasa yenyewe. Somo ambalo katika muhula wa kawaida hufundishwa kwa majuma 15 hivi, kiangazi hubanwa katika majuma matano hadi manane. Yaliyomo hayapungui, kinachopungua ni siku za kuyatafakari. Anayeshindwa na kemia kwa mwendo wa kawaida, kwa hekima gani tunamwongezea mwendo maradufu, tena tunampachika fizikia mgongoni?

Pili, tuangalie kalenda. Maombi ya vyuo vingi vya udaktari vya Marekani hupitia huduma moja ya pamoja iitwayo AMCAS. Huduma hiyo huanza kupokea maombi mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Alama huhakikiwa, nao uhakiki huweza kuchukua majuma kadhaa. Kisha vyuo hutuma maswali yao, halafu usaili huanza. Vyuo vingi hushughulikia maombi kwa kadiri yanavyofika, na anayeomba Juni ya mwaka huu huanza masomo Julai au Agosti ya mwaka unaofuata. Sasa basi, madarasa ya kiangazi yanaisha lini? Yanaisha mwishoni mwa Julai au katika Agosti. Akituma maombi Juni, alama anazozitolea jasho hazimo ndani yake, na AMCAS haiyafungui tena maombi yaliyokwisha kuhakikiwa ili kuziingiza. Itambidi aviandikie vyuo mwenyewe, kimoja kimoja. Akisubiri mpaka alama zitoke, atakuwa nyuma ya maelfu waliotangulia. Ndiyo kusema, tunamkimbiza mtoto kwenye basi ambalo, hata akilipanda, mzigo wake utakuwa umebaki kituoni.

Tatu, alama mbaya haifutiki. AMCAS huhesabu kila somo la chuo, na anayerudia somo huhesabiwa alama zote mbili, ya kwanza na ya pili. Upande wa vyuo vya osteopathia palikuwa na utaratibu wa alama mpya kuchukua nafasi ya ile ya zamani, lakini ulikoma mwaka 2017. C nyingine ya kiangazi itamfuata binti huyu kila aendako. Vivyo hivyo MCAT: ni mtihani wa saa saba na nusu pamoja na mapumziko, unaruhusiwa kufanywa si zaidi ya mara tatu kwa mwaka na mara saba kwa maisha yote, na matokeo ya kila jaribio huonekana. Si mtihani wa kwenda "kujaribu bahati" baada ya zamu ya usiku.

Hapo wazazi hutujibu kwa hoja tatu, nasi tunapenda kuzijibu kwa haki.

Wanasema: umri unakwenda. Umri unakwenda kweli, kwa anayesubiri na kwa asiyesubiri. Lakini aliyewaambia kwamba madaktari wote huku huingia chuoni moja kwa moja aliwapotosha. Kwa takwimu za Jumuiya ya Vyuo vya Udaktari vya Marekani, AAMC, zaidi ya nusu ya wanaoanza masomo hayo leo walikaa angalau mwaka mmoja baada ya shahada ya kwanza. Udaktari ni miaka minne ya chuo, na baada yake miaka mitatu hadi saba ya mafunzo hospitalini. Katika safari ya namna hiyo mwaka mmoja wa kujiandaa ni sawa na mkulima kunoa jembe kabla ya mvua.

Wanasema: mikopo inabanwa, heri awahi. Ni kweli kwamba sheria iliyosainiwa Julai 2025 imeweka kikomo kwa wakopaji wapya wa serikali kuu kuanzia 1 Julai 2026: dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla kwa masomo kama ya udaktari. Na vipo vyuo vingi ambavyo ada na matumizi yake huzidi kiasi hicho. Lakini fikirini vema, ndugu zetu. Anayeanza mwaka 2027 na anayeanza mwaka 2028 wote wako chini ya kikomo kile kile. Haraka haimwokoi mtu na sheria hiyo. Kinachoweza kumsaidia ni alama nzuri, kwa kuwa hizo ndizo humfungulia mlango wa ufadhili. Kinyume chake, anayekataliwa hulipa tena ada za maombi, huandika tena barua, husafiri tena. Kila mwaka waombaji wa vyuo vya M.D. huzidi 50,000, na wanaoanza masomo ni kama 23,000. Zaidi ya nusu hurudi nyumbani mikono mitupu. Je, tunampeleka binti yetu katika umati huo akiwa na usingizi machoni?

Wanasema, kwa sauti ya chini: watu watasemaje? Naam, hapa ndipo tulipotaka kufika, kwa maana hoja mbili za kwanza ni nguo tu. Huu ndio mwili. Tangu binti alipoingia chuoni tumemwita "daktari wetu". Tumemwita hivyo kwenye ubatizo, kwenye harusi, na simuni kwa shangazi walioko nyumbani. Tumekwisha kulivaa vazi ambalo yeye bado analishona. Na sasa akisema, "Mama, nahitaji mwaka mmoja," sisi tunasikia, "Mama, nimekuaibisha." Huo ni udhalimu. Yesu mwenyewe alisifu busara ya mtu anayeketi kwanza na kupiga hesabu kabla ya kuanza kujenga mnara. Anayeketi kupiga hesabu si mvivu.

Ndugu wapendwa, hatuandiki haya kama wasio na hatia. Miaka michache iliyopita kijana mmoja alitujia na swali hili hili. Tulikuwa na haraka ya kwenda kwenye kikao, tukampiga begani na kumwambia, "Jikaze, kijana, usichelewe." Alijikaza. Alichukua masomo mawili ya kiangazi, akaanguka yote mawili, akakata tamaa, na hadi leo akituona hupita upande wa pili wa barabara. Tulimpa methali alipohitaji masikio. Kosa hilo ni letu, nasi tumelibeba.

Lakini tusieleweke vibaya. Hatusemi madarasa ya kiangazi ni dhambi. Mwanafunzi mwenye alama nzuri, aliyebakiza somo moja, asiyekuwa na MCAT kiangazi hicho, anayeweza kupunguza saa za kazi, na asome. Hata binti yetu anaweza kusoma somo moja kiangazi hiki, mradi maombi yawe ya mwaka ujao. Hapo alama itaingia mahali pake. Wala hatusemi kusubiri ni kulala. Mwaka wa kusubiri usio na mpango huzaa mwingine, na huyo ndiye wa kuonywa kwa ile methali ya matumbo. Mwaka tunaoutetea una kazi yake: kurudia kemia kwa mwendo wa kawaida, kufanya mtihani mara moja akiwa tayari, kukaa karibu na wagonjwa, kuomba barua kwa walimu wanaomfahamu kweli.

Tena una faida nyingine ambazo wengi wetu hatuzijui. AAMC ina mpango wa kuwasaidia wenye kipato kidogo: hupunguza ada ya MCAT na kuwaondolea ada ya AMCAS kwa vyuo hadi 20. Wakimbizi waliopokelewa kisheria ni miongoni mwa wanaoweza kuomba. Lakini msaada huo hutakiwa kupatikana kabla ya maombi kutumwa; aliyekwisha kulipa harudishiwi. Vilevile vipo vyuo visivyopokea mtu asiye raia au asiye na ukaazi wa kudumu. Kijana ambaye kadi yake ya kijani bado iko njiani anaweza kulipia maombi yasiyosomwa hata ukurasa wa kwanza. Haraka hailetei nyumba hizo baraka. Inazila tu akiba.

Basi tunawasihi wazazi: mtoto akisema anataka kusubiri, mwulizeni mambo matatu tu. Utasoma nini? Utafanya kazi gani? Utatuma maombi mwezi gani? Akiwa na majibu, nyamazeni, mumpikie chakula. Na sisi wengine tuache kumwita mtu daktari kabla hajawa, kisha tukamdai deni la jina tulilompa wenyewe.

Binti yule alitwambia Jumapili iliyopita kwamba mama yake ameanza kulegea. Baba bado. Anasema atakubali iwapo paroko naye atakubali, kwa kuwa alidhani tuko upande wake. Mzee wetu, tunajua unasoma ukurasa huu kila juma. Hatuko upande wako katika hili. Mpe mwanao mwaka wake, umpunguzie na zamu mbili za usiku.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.