Aliyekatwa pembeni mwa picha

Mwaka 2001, mwimbaji Saida Karoli alipotikisa nchi kwa albamu ya Maria Salome, wengi waliocheza nyimbo zake Dar es Salaam, Tanga au Lindi hawakujua Kihaya. Sauti iliwateka, ila maana wakaitafuta kwenye picha, nayo ikawajibu upesi: binti wa kijijini, vazi la asili, ngoma. Pale msikilizaji asipojua lugha ya wimbo, mpiga picha na msanifu wa kurasa ndio wanaogeuka wakalimani. Na mkalimani akikutafsiria neno moja katika kumi, hajakudanganya, lakini utaondoka ukidhani umeelewa yote.

Katika muziki wa Wahaya wa Kagera, neno lililoachwa ni nanga, chombo cha nyuzi. Huko ndiko wapiga nanga walikoghani tenzi ndefu za mashujaa na watawala, tenzi alizozitafiti Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tatizo ni kwamba nanga haiipi kamera chakula. Mpigaji ameketi, chombo kimelala mapajani, vidole tu ndivyo vinavyotembea. Mcheza ngoma anaruka, na mhariri mwenye nafasi ya safu mbili atamchukua anayeruka. Hana chuki na nanga. Anapiga hesabu ya nafasi. Lakini hesabu hiyo ikirudiwa miaka nenda miaka rudi, msomaji wa mbali huamini Wahaya hawana muziki mwingine zaidi ya ngoma, na kikundi kitakachoanzishwa kesho Kitendaguro, Bukoba, kitashona sare za kupigia picha kabla ya kumtafuta mzee wa kukifundisha nyuzi.

Nguvu ya mkasi unaokata picha si ya kwetu peke yetu. Kampuni ya santuri ya Blue Note ya Marekani ilijenga sura ya jazi kwa mikono ya watu wawili: Francis Wolff aliyepiga picha studio wakati wanamuziki wakirekodi, na Reid Miles aliyezikata picha hizo na kuzipanga na herufi kubwa kwenye majalada. Miles hakuwa hata mpenzi wa jazi. Hata hivyo, watu duniani kote wanapofikiria mwanajazi wa miaka ya 1950 na 1960, wanamwona kama Miles alivyomkata: uso mmoja, moshi wa sigara, giza pembeni. Wenzake waliokuwa chumba kilekile wamebaki kwenye hilo giza.

Atatokea wa kusema muziki ni wa masikio, na ushahidi anao. Bendi zetu za dansi zilipata umaarufu kupitia Radio Tanzania wakati nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, na mashabiki wengi walizijua kwa sauti tu. Ni kweli, lakini hazikukosa sura. Sura yao ilichorwa kwa maneno. Mtindo wa Sikinde uliibeba bendi ya Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, hadi jina la mtindo likawa jina la bendi. Tofauti ni kwamba jina la mtindo lilikuwa la bendi nzima, kuanzia mwimbaji hadi mpiga tumba. Picha ya leo humtoa mmoja mbele na kuwafuta waliobaki.

Wengine watasema wasanii wenyewe hujipamba hivyo, na wasomaji hununua nyota, si kundi. Sikatai. Msanii ana haki ya kuchagua vazi lake, na gazeti lisilouzwa halimsaidii yeyote. Ila msanii huchagua akijua picha ipi itachapishwa na ipi itatupwa, kwa hiyo chaguo lake limekwisha kupita mezani kwa mhariri. Wala dawa yake si ghali. Magazeti yetu yana desturi nzuri ya kuandika chini ya picha “kutoka kushoto”, kisha majina yote, na tunaifuata kwa uaminifu mkubwa wanapopigwa picha viongozi wakikata utepe. Aliyekaa na nanga nyuma ya mwimbaji anastahili heshima hiyohiyo: asikatwe, na aandikwe jina lake, wa pili kushoto.