Fundi asifute diski kabla ya kuuliza karatasi za familia ziko wapi

Bukavu – Kompyuta ikigoma, watu wengi wa mji huu huipeleka kwa fundi, Nyawera au Kadutu, na fundi huuliza jambo moja tu: atie Windows gani? Swali la pili haliulizwi. Jioni mwenye mali anaikuta mashini inawaka vizuri, nyepesi, na ndani hamna hata picha moja.

Tangu Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu na familia nyingi zikahama, hasara ya namna hiyo imekuwa nzito zaidi. Kuna waliotoka nyumbani na begi moja. Diploma ya Serikali ya mtoto, kadi ya mchaguzi, hati ya kuzaliwa, karatasi za parsele: kwa baadhi yao kilichobaki ni picha zake tu ndani ya kompyuta. Diski kama hiyo si ya kufutwa haraka haraka ili mteja mwingine apite.

Dawa ni ya zamani: diski igawanywe kabla ya kutia sistemi. Mkaaji wa Bukavu anajua parsele moja ndogo yenye nyumba tatu. Diski ni vilevile. Windows inakaa kwenye C, karatasi za familia kwenye D. Siku sistemi inaharibika, fundi anabomoa C na kuijenga upya, D haiguswi.

Kiasi gani kwa kila moja? Diski ya giga 256 kompyuta itaionyesha kama 238 (fundi hajaiba kitu, ni namna mbili za kuhesabu). Giga 100 zinatosha sistemi, zingine ni za familia. Wapo mafundi wanaobana C mpaka giga 40, na hapo wanakosea. Windows 11 inadai diski isiyopungua giga 64, halafu masasisho yake yanaendelea kula nafasi. C ikijaa, mashini inakuwa nzito, inarudi kwa fundi, na hela inatoka tena.

Mashini nyingi za okazioni Windows 11 haizikubali, na Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hizo, Ubuntu inafaa. Giga 25 zinatosha kuanza, na yenyewe pia inaruhusu mafaili ya mtu kukaa sehemu ya pembeni, inayoitwa home.

Lakini kugawa peke yake hakusaidii kama tabia ni ileile. Vitu vinavyowekwa kwenye «Bureau» na «Documents» kwa kawaida vinakaa C. Mtu anaringa kwamba ana D, kumbe D ni tupu na maisha yake yote yako C. Lazima avihamishe mwenyewe, au amwambie fundi avihamishe akiwa anaangalia.

Halafu kuna umeme. Diski yenye vitu ndani haigawanywi wakati betri imekufa na SNEL inakatakata. Umeme ukienda katikati ya kazi, vyote vinaweza kupotea. Nakala kwanza, kugawa baadaye. Na D si nakala, maana ni diski ileile: kompyuta ikiibwa, C na D zinakwenda pamoja. Nakala iwe kwenye fleshi au diski ya nje, tena ikae kwa ndugu mwingine, si ndani ya begi moja na kompyuta.

Mteja ana haki ya kusimama karibu fundi anapofika kwenye ukurasa wa kuchagua sehemu za diski. Pale kubonyeza mara moja kunatosha kuondoa kila kitu. Fundi akisema «tufute yote ndiyo itakuwa safi», amwambie bila haya: D iachwe.